Somo: Kipande cha tishu kinapong'aa kijani

Wavuvi wa Malindi na jamaa zangu wa Shela mnajua maji yanavyomeremeta kasia likiyagusa usiku wa giza. Vile ni vijidudu vyenye kimeng'enya chao, yaani protini inayochochea kazi za kikemikali, hujiwashia wenyewe. Katika somo la leo, la kutafuta saratani kwenye kipande cha tishu (nyama ya mwili) kilichokatwa, kimeng'enya ni cha seli, rangi tunaileta sisi, na usipomulika taa huoni kitu.

Kimeng'enya chenyewe ni GGT, kifupi cha gamma-glutamyltransferase. Hukaa kwenye utando wa seli, na saratani nyingi huwa nacho tele. Mwaka 2011 Yasuteru Urano wa Tokyo, Hisataka Kobayashi wa Marekani na wenzao walieleza rangi iitwayo gGlu-HMRG, iliyofungwa kwa glutamati, aina ya asidi amino. Ikiwa imefungwa, haing'ai. GGT ikikata kile kifungo, inang'aa kijani. Walipoinyunyizia panya wenye saratani tumboni, vivimbe vilionekana katika dakika chache tu.

Hatua ya kwanza: kipande kiwe kibichi, kimetoka mwilini sasa hivi. Ukishakitia formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, kimeng'enya kimekufa, utanyunyiza mpaka kesho. Kioshe damu taratibu kwa maji ya dripu, maana damu hunywa mwanga.

Ya pili ndiyo watu huiruka: piga picha KABLA ya kunyunyiza. Tishu ina mng'ao wake wa asili. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi niliwahi kushangilia kipande ambacho, kumbe, kilikuwa kinang'aa tangu mwanzo. Bila picha ya kwanza, ya pili haina maana.

Kisha zima taa za chumba, nyunyiza, mulika mwanga wa buluu wa nanomita 490 hivi, na kamera iwe na chujio linalopitisha kijani peke yake. Piga kila dakika. Tazama kinachozidi kuwaka, usihangaike na kilichowaka tu.

Mwisho kipande kiende kwa mwanapatholojia, daktari anayechunguza tishu kwa hadubini. Hukumu ni yake.

MASWALI

Mwanachama, Mambrui: Maalim, majibu yangu ya ini yameandikwa GGT iko juu. Ndiyo saratani?
Jibu: La, dada. Kimeng'enya ni kilekile, lakini katika damu hupandishwa na kuziba kwa nyongo, pombe, hata baadhi ya dawa. Mrudie daktari aliyekupima.

Mwanachama, Lamu: Kwa hiyo kisichong'aa ni salama?
Jibu: Hapana, kaka. Zipo saratani zenye GGT kidogo. Na figo nzima kabisa inayo nyingi, hata uvimbe wa titi usio saratani waweza kung'aa. Taa inaonyesha kimeng'enya kinakofanya kazi, basi.

Mwanachama, Malindi: Dukani nina tochi ya kupimia noti. Nijimulike titi?
Jibu: Mama, ile ni ya mionzi ya urujuanimno, na rangi hukunyunyiza. Utakachoona kinawaka ni kanga iliyofuliwa kwa sabuni ya unga. Kama kuna kivimbe umekishika, nenda hospitali kesho asubuhi.