Teleka wa majabalini: utajuaje kama wanazaliana hapa Mwanza?

Mimi ni fundi cherehani, Igogo. Kibaraza changu kinatazamana na jabali lenye ufa mrefu, na jioni ndege aina ya teleka, wale wakubwa, wakianza kupita wakipiga kelele, hakosi mteja wa kuuliza: "Fundi, wale wana viota humo?"

Kuwahesabu angani hakukupi jibu. Teleka hula akiruka, na kwa ajili ya chakula anaweza kwenda makumi ya kilomita kwa siku moja. Ziwa likitoa yale mawingu ya wadudu, yanayoinuka juu ya maji kama moshi, ndege huja hata kutoka mbali. Kundi kubwa juu ya Kapripoint linakwambia chakula kipo, basi.

Kwanza hakikisha ndege ndiye. Anayetua kwenye nyaya za umeme ni mbayuwayu. Teleka hawezi, miguu yake ni ya kung'ang'ania ukuta. Yule mdogo mwenye kiuno cheupe na mkia uliokatwa sawa, anayejazana chini ya mapaa ya maghorofa mjini, ni Apus affinis. Mwache. Unayemtaka ni mkubwa, mabawa marefu yaliyopinda. Tumbo jeupe na mkanda wa kahawia kifuani: Tachymarptis melba, na baadhi yao ni wageni wa kutoka Ulaya. Kahawia mwenye mabakabaka tumboni: Tachymarptis aequatorialis. Wote wawili hutaga kwenye nyufa za majabali. Kuna pia Apus apus, mweusi mweusi, anayetutembelea kati ya Septemba na Aprili. Huyo kwao kwa kuzaliana ni Ulaya na Asia, usimtafutie kiota huku.

Sasa chagua ufa mmoja, ukae nao. Watu wengi hukosea saa. Teleka akiingia ufani wakati wa magharibi amekwenda kulala, na kulala si kutaga. Njoo saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, jua likiwa kali na kila teleka asiye na shughuli nyumbani yuko zake angani. Anayeingia saa hizo ana sababu.

Tazama koo. Mzazi hakusanyi mdudu mmoja mmoja mdomoni. Huwashikamanisha kwa mate wakawa donge moja, na koo likavimba. Akiingia koo limetuna, akatoka baada ya muda mfupi koo limelala, kuna kinda ndani. Mimi huo ndio ushahidi ninaoukubali, pamoja na sauti za makinda zenyewe. Kufukuzana kwa makelele mbele ya jabali ni dalili nzuri lakini haitoshi. Teleka anayedaka unyoya unaopeperuka hewani huenda anajenga. Mfuatilie uone anaingia wapi.

Mayai hulaliwa kama wiki tatu, na makinda hukaa ufani kwa wiki kadhaa zaidi, kwa hiyo una nafasi ya kurudi. Chini ya ufa angalia kinyesi: cha ndege kina weupe, cha popo ni vipunje vyeusi vinavyovunjika. Popo nao wanazipenda nyufa hizi.

Usipande. Darubini ya mkononi inatosha, ila majabali ya Igogo na Mabatini yako katikati ya nyumba za watu, kwa hiyo piga hodi, mwambie na mwenyekiti wa mtaa, na usiielekeze bandarini. Jirani yangu wa juu alinifokea: "Fundi, unachungulia bafu langu?" Nikamwambia, "Hapana mama, shika utazame mwenyewe." Siku hizi yeye ndiye hunipigia simu mchana, nikiwa na suruali ya mtu kwenye mashine, kunieleza nani kaingia.

Ukishaona, andika papo hapo: tarehe, saa, ufa upi, koo lilikuwaje, alikaa ndani muda gani. Programu ya eBird, ya kuandikia ndege uliowaona, ina sehemu ya kujaza dalili za kuzaliana, nayo hutofautisha kinachowezekana na kilichothibitishwa. Kama ulichoona ni ndege kuingia magharibi tu, andika kwamba wanalala hapo, kisha urudi mchana.