Jinsi ya kusoma bajeti ya chuo kikuu cha umma bila kuhesabu shilingi moja mara mbili

Kila Juni, Waziri wa Fedha akishasoma hotuba yake bungeni Dodoma, huku Dar es Salaam huanza mabishano yale yale: mmoja anadai elimu ya juu imependelewa, mwingine anadai vyuo vimeachwa vijitafutie. Wote wawili huwa na tarakimu mkononi, na mara nyingi tarakimu zote ni za kweli. Kinachowatofautisha ni ukurasa ambao kila mmoja amezitoa. Anayetaka kujua Serikali inakipa nini hasa chuo cha Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), cha Ardhi au cha Muhimbili, itambidi aifuate fedha yenyewe tangu inapotoka Hazina hadi inapoandikwa kwenye hesabu za chuo.

Anza na hotuba ya Waziri wa Elimu, ambayo kwa kawaida husomwa Mei, kabla ya kugusa vitabu vya makadirio. Hotuba imeandikwa kwa Kiswahili, ilhali vitabu vimeandikwa kwa Kiingereza na vimejaa namba za vifungu na kasma zinazomchosha msomaji mgeni. Fungu la wizara hiyo, yaani namba yake katika bajeti, ni 46. Ukishalishika, fungua kitabu cha pili, chenye matumizi ya kawaida ya wizara, kisha kitabu cha nne, chenye matumizi ya maendeleo. Usikomee hapo, maana si kila chuo cha umma kilichopo jijini kiko chini ya Fungu 46: Chuo cha Usimamizi wa Fedha kiko chini ya Wizara ya Fedha, Chuo cha Elimu ya Biashara kiko chini ya wizara ya biashara, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko chini ya wizara ya uchukuzi.

Katika matumizi ya kawaida, tenganisha mishahara na matumizi mengineyo, ambayo wahasibu huyaita OC. Mishahara ndiyo sehemu kubwa ya ruzuku, na kuongezeka kwake hakumaanishi kwamba chuo kimepata fedha za kununua hata ramu moja ya karatasi. OC ndiyo inayopaswa kulipia umeme, maji, usafi na kemikali za maabara, na ndiyo ya kwanza kuminywa mapato ya Serikali yanaposuasua.

Fedha za maendeleo zina tabia yake. Chukua hosteli za Mlimani zilizofunguliwa Aprili 2017: zilitajwa kugharimu shilingi bilioni 10 kwa wanafunzi 3,840, yaani takriban shilingi milioni 2.6 kwa kila kitanda. Hesabu hiyo ni ya kujenga tu. Bomba likipasuka, au rangi ikibanduka, mradi ulishafungwa, na mzigo umehamia kwenye OC au mapato ya ndani ya chuo. Kwa hiyo, ukiona jengo jipya katika kitabu cha nne, rudi kwenye kitabu cha pili cha miaka inayofuata uangalie kama kuna fedha za kulitunza. Angalia pia kama fedha ni za ndani ya nchi au za nje: mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, kwa mfano, unatokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, na fedha za namna hiyo huja kwa masharti na ratiba yake.

Sasa tufike penye mtego mkubwa, ambao mimi mwenyewe niliwahi kuuingia. Mikopo ya wanafunzi inayopitia Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwekwa katika bajeti ya maendeleo ya Fungu 46, na ni mingi: ilikuwa shilingi bilioni 464 mwaka wa fedha 2020/21, ikapanda hadi bilioni 570 mwaka 2021/22. Anayeisoma jumla ya maendeleo bila kuitoa mikopo atadhani Serikali inajenga madarasa kila kona, kumbe sehemu kubwa ya fedha hiyo ni ada na chakula cha wanafunzi. Ile ya chakula na malazi, yaani bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa malipo ya siku 60 mwanafunzi hupokea 600,000, na fedha hiyo huishia kwa mama ntilie na mwenye nyumba wa Sinza au Changanyikeni, haiingii kwenye hesabu za chuo. Ada, kwa upande mwingine, hulipwa chuoni, nacho chuo huiandika kama mapato ya ndani. Ukijumlisha mikopo ya Fungu 46 na mapato ya ndani ya chuo, umeihesabu ada hiyo mara mbili. Ndiyo maana chuo kinaposema kinajitegemea kwa kiwango fulani, uliza kwanza ni kiasi gani cha ada zake kimelipwa na Bodi.

Hatua inayofuata ni kulinganisha kilichoidhinishwa na kilichotolewa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo kufikia mwisho wa Machi miezi tisa imepita na asilimia 75 ni kipimo cha haki kwa mishahara na OC. Kwa mikopo kipimo hicho hakifai, kwa kuwa vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba na robo ya kwanza huwa kimya.

Mwisho, tafuta taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo hukabidhiwa kwa Rais kufikia Machi 31 na kuwasilishwa bungeni Aprili. Uangalie mwaka vizuri: makadirio ya 2020/21 yanalingana na taarifa ya Machi 2022, si ya Machi 2021. Ndani yake, na katika hesabu za chuo zilizokaguliwa, nenda moja kwa moja kwenye madeni ya watumishi na wazabuni. Posho ya mhadhiri ambayo haijalipwa na ankara ya mzabuni iliyolala miaka miwili huenda usizione katika kitabu chochote cha makadirio, ila hapo utazikuta.