Somo: Kinu cha kurejeleza karatasi hakifuati kiwanja, kinafuata mzigo

Wakuu salaam. Juzi jamaa mmoja kaniuliza kwa nini manispaa yao imetenga eneo la viwanda, imechonga barabara, bango limewekwa mpaka rangi imepauka, na hakuna kiwanda cha kurejeleza hata kimoja kilichokuja. Nikamwambia mmeandaa kiwanja, hamjaandaa mzigo, yaani karatasi chakavu za kukilisha. Mfano nachukua wa New York kwa sababu pale miaka ya 90 kinu kimoja kilisimama imara na kingine kikafa, mji uleule, karatasi ileile.

Hatua ya 1: pima taka zako. Sio kwa macho. Chukua lori za ushuani, uswahilini, sokoni na maofisini, mwaga kwenye turubai, chambua, weka kwenye mizani, na urudie tena masika maana boksi la masika sio la kiangazi. Mwekezaji atakuuliza tani ngapi za maboksi kwa siku, karatasi za ofisi ngapi, na unyevu kiasi gani, kwa sababu akinunua boksi lililolowa ananunua maji kwa bei ya karatasi.

Hatua ya 2, hii ndo yenyewe: mkataba wa mzigo. Mwaka 1997 Visy, kampuni ya Australia ya familia ya Pratt, ilifungua kinu Staten Island, kisiwa kilicho ndani ya jiji la New York, na kilichowaleta sio mandhari, ni kwamba jiji lilisaini nao mkataba wa miaka mingi wa kuwapa sehemu ya karatasi zinazokusanywa majumbani na wao wanalilipa jiji. Sasa cheki faida yake. 2002 jiji likawa na ukata, meya Bloomberg akasimamisha kukusanya plastiki na glasi, plastiki ikarudi 2003, glasi 2004. Karatasi haikuguswa! Ilikuwa inaliingizia jiji hela wakati plastiki na glasi zinakula hela. Na benki nayo ikiona mkataba wa namna hiyo inakopesha, bila huo unaongea na upepo.

Hatua ya 3: njia. Karatasi za Manhattan, katikati ya jiji hilo, zinapakiwa kwenye tishari pale mtaa wa 59 kando ya mto, zinaenda kwa maji mpaka kinuni, malori yanapungua daraja hadi daraja. Kama una ziwa, bahari au reli, anza na hapo kabla hujafikiria lami.

Hatua ya 4: majirani. Kinu cha Staten Island kina kiwanda cha maboksi pembeni yake, karatasi ikitoka huku inaingia kule, vipande vya kukatia vinarudi kupikwa upya. Kwa hiyo usitafute kinu peke yake, tafuta na mlaji, nani mjini kwako anafungasha? Bia, sabuni, minofu ya samaki, parachichi? Nenda kawaulize hao wananunua maboksi wapi na kwa bei gani, ukirudi na majibu yao mkononi mwekezaji atakaa kitini.

Hatua ya 5: maji, umeme, na pa kupeleka tope, yaani mabaki ya kupika karatasi. Hapa wote mnajua shida zetu, sirefushi. Ila tope lipo, linatoka kila siku, asikudanganye mtu.

Kinu kile kilichokufa kilikuwa cha South Bronx, mtaa mwingine wa New York, cha shirika la mazingira NRDC na taasisi ya mtaa inaitwa Banana Kelly. Nia nzuri kabisa, mpaka Maya Lin, msanifu maarufu wa Marekani, alipewa kazi ya kuchora jengo, lakini wabia wengi, siasa nyingi, mtaji haukamiliki, mwaka unapita mwingine unakuja, kufika 2000 kimezikwa bila kutoa hata karatasi moja. Mimi naona walianza na ndoto ya jengo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, na waokota makopo si ndo watakosa riziki?
Jibu: Watakosa kama utampa mzabuni mmoja dampo lote. Hao ndo wachambuzi wako mkuu, wanajua boksi zuri kwa kugusa tu. Waweke kwenye kikundi, mizani iwe wazi wanaiona, walipwe siku hiyohiyo, na waandikwe ndani ya mkataba, sio kwenye hotuba.

Swali: Mji wetu mdogo, tani zenyewe za kuhesabu. Tuache?
Jibu: Kinu acheni. Nunueni mashine ya kufunga marobota, lundikeni pakavu, uzeni kwa vinu vya mbali. Au fanyeni trei za mayai, zinatokana na karatasi chakavu na maji, mtambo wake mdogo na wafuga kuku hawakosekani.

Swali: Tuwape msamaha wa kodi ili waje?
Jibu: Msamaha wa kodi hata wilaya ya jirani inatoa. Wanaoweza kutoa mzigo wa uhakika ni wachache.

Swali: Samahani kaka, karatasi si inaweza kuzungushwa milele?
Jibu: Hapana dada, nyuzi zinafupika kila zikipikwa, inatajwa mara tano mpaka saba hivi, ndo maana lazima nyuzi mpya za mti ziingie kidogo kidogo.

Swali: Maboksi ya chipsi yenye mafuta yanakubalika?
Jibu: Yakizidi yanaharibu rojo la karatasi kinuni. Kata upande mkavu weka kwenye robota, ule wa mafuta peleka mbolea.