Namna Muuguzi Anavyoweza Kuzungumza na Wazazi Kuhusu Matarajio ya Mtoto Mwenye Saratani

Katika wodi za saratani za watoto nchini Tanzania, iwe katika hospitali ya Muhimbili, Bugando au KCMC, daktari ndiye anayewaeleza wazazi jina la ugonjwa na matarajio ya matibabu, lakini swali lenyewe, "Sista, mwanangu atapona?", humfikia muuguzi, mara nyingi usiku anapobadilisha dripu. Ndiyo maana kazi yake huanza kabla ya kikao cha daktari na wazazi na huendelea baada ya daktari kuondoka.

Kabla ya kikao, muulize daktari kama lengo ni kuponya au ni kupunguza maumivu, ili kauli zenu zisipingane. Ulizia pia ni nani mwenye kauli ya mwisho katika familia. Ikiwa ni baba au babu aliyebaki kijijini, apigiwe simu asikilize yeye mwenyewe, kwa maana si haki kumbebesha mama peke yake ujumbe mzito kama huo.

Kikao kikiisha, usimuulize mama kama ameelewa, kwa sababu atajibu ndiyo kwa heshima tu. Muulize hivi: "Mama, jioni ukimpigia baba, utamwambia daktari amesema nini?" Jibu lake litaonyesha pengo lilipo, nawe uliandike kwenye faili ili wenzako wa zamu ijayo waanzie hapo.

Limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za limfu inayokua haraka na mara nyingi huvimbisha taya, inahitaji uangalifu wa pekee. Taya lililovimba huweza kunywea ndani ya siku chache baada ya kemo (dawa za kuua saratani) ya kwanza, na mzazi anayeuona uso wa mwanawe umerudi kama zamani, huku shamba na watoto wengine vikimsubiri, huona hakuna sababu ya kubaki hospitalini. Mwambie mapema, kabla dawa haijaanza: "Uvimbe utaondoka upesi, lakini ugonjwa utakuwa bado umo mwilini, na tukikatisha dawa utarudi ukiwa mgumu zaidi kutibika." Kwa saratani ya jicho ugumu uko kwingine: wazazi wanaombwa kuridhia jicho liondolewe ilhali mtoto bado anacheza, na wasipoambiwa wazi kwamba ugonjwa ukiwa bado ndani ya jicho upasuaji huo unaweza kumponya, watamchukua waondoke.

Kuhusu takwimu, Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Usimpe mama asilimia hizo, kwani zinazungumzia nchi, si mwanawe. Akitaka makadirio, mrudishe kwa daktari nawe ukae naye. Akisema "Mungu akijalia", mwitikie, ila usiitumie kauli hiyo kulikwepa swali lake.

Ikiwa kuponya hakuwezekani tena, usitamke kwamba hakuna la kufanya, kwa sababu tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa asiyeweza kupona, ipo na morfini ya maji hutuliza maumivu. Familia nyingi zingependa mtoto arudi nyumbani akiwa hai, na kusafirisha mwili ni gharama kubwa, kwa hiyo waelezwe mapema, mtoto angali ana nguvu za kusafiri, waondoke na dawa za kutosha, maelezo ya kuzitumia, jina la hospitali iliyo karibu nao na namba ya simu ya wodi.