Kumwinda muusi mtoni Alaska: anza na hesabu ya nyama

Muusi ndiye kulungu mkubwa kuliko wote duniani. Dume la Alaska hupita kilo 600, uzani wa swala pofu dume aliyekomaa, na hutoa nyama kilo 220 hadi 270. Sheria ya huko hairuhusu uchukue pembe na kuacha nyama porini. Kwa hiyo ndege, boti, idadi ya watu na umbali wa kuwinda kutoka mtoni, vyote vipangwe kwa kilo hizo.

Karatasi zianze mwaka mzima kabla. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Alaska nayo haimruhusu mgeni asiye raia wa Marekani kuwinda muusi bila mwongozaji mwenye leseni. Andikeni kwenye mkataba kuwa amana itarudishwa ukinyimwa viza pale Gigiri. Nunua leseni ya uwindaji kabla ya kugusa bunduki, hata ya kuazima. Mwenye viza ya matembezi akikutwa na bunduki bila leseni hiyo ana kesi. Kwa maoni yetu, azima ya mwongozaji.

Msimu ni Septemba katika maeneo mengi. Ukishushwa na ndege ndogo, huwindi siku hiyo. Unangoja hadi saa tisa usiku wa kuamkia kesho yake. Mara nyingi mgeni hutakiwa apige dume lenye pembe za upana wa inchi 50, ama matawi ya mbele ya idadi iliyowekwa. Ukiwa na shaka, usipige.

Usipige pia akiwa majini, wala zaidi ya kilomita moja kutoka mtoni. Paja moja la nyuma na mfupa wake hufika kilo 50 na zaidi, na ardhi ni matope na vichaka. Wawindaji wawili, dume moja, boti ya mpira ya futi 16: hapo inatosha. Ukizidisha, boti inakwama kwenye kila fungu la changarawe, nanyi mnaivuta ndani ya maji ya barafu.

Nyama huharibiwa na joto lake yenyewe. Ngozi ni nene, na hata kwenye baridi ya nyuzi 5, paja lililolala na ngozi huchacha kuanzia nyonga. Chuna mara moja. Baada ya saa chache penyeza vidole kwenye kiungo cha nyonga. Pakiwa bado na uvuguvugu, pasua mpaka mfupani upepo uingie. Tundika kivulini ndani ya mifuko ya kitambaa, turubai juu, pande zote wazi, mpaka nje ifanye ukoko mkavu. Plastiki ni marufuku: inafungia unyevu, nyama inaoza. Baadhi ya maeneo yanataka nyama ibaki kwenye mfupa hadi utoke porini, basi uliza kabla ya kuleta kisu. Itundike mita 100 kutoka kwenye hema, mahali unapopaona, kwa sababu dubu atakuja.

Huku Nairobi, panda milima ya Ngong na mzigo wa kilo 30 kila wikendi kwa miezi mitatu. Gikomba utapata sweta za sufu. Pamba iache, ikilowa haikupi joto. Chakula ongeza cha siku 4, maana ukungu huzuia ndege, na simu ya setilaiti ikae mwilini mwako, si botini.