Anza na kinachochelewa: maandalizi ya mwanafunzi mkimbizi kabla ya kuomba chuo kikuu

Tangazo la ufadhili wa masomo kwa wakimbizi mara nyingi hukaa wazi wiki chache tu, kisha linafungwa. Kupata barua ya ulinganifu wa cheti cha sekondari kilichotolewa nchi nyingine, yaani barua inayosema cheti hicho ni sawa na kipi hapa unapoishi, kunaweza kuchukua miezi. Ukizipanga hesabu hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini vijana wenye alama nzuri kabisa hukosa nafasi: siku za tangazo ziliisha kabla karatasi yao haijatoka. Ndiyo maana nikikaa na mwanafunzi aliyelazimika kuhama kwao, simuulizi kwanza anataka kusomea nini. Namuuliza ana karatasi gani mkononi leo, na ipi anaisubiri.

Njia hii ya kwenda chuo kikuu bado inapitiwa na wachache. Kwa takwimu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), mwaka 2019 ni asilimia 3 tu ya vijana wakimbizi waliokuwa kwenye elimu ya juu, na lengo lililowekwa ni asilimia 15 ifikapo mwaka 2030. Idadi imepanda tangu hapo. Lakini nafasi mpya inapofunguliwa humwendea yule ambaye faili lake liko tayari, na faili hilo lina mpangilio wake wa kuliandaa. Usianze na kilicho rahisi. Anza na kinachochelewa.

Kinachochelewa kuliko vyote ni vyeti. Kusanya kila ulichonacho: cheti cha kumaliza shule, karatasi za matokeo, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mkimbizi, hata zile ripoti za mwisho wa muhula unazoziona hazina kazi. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, penye mwanga wa kutosha ili mihuri isomeke, kisha jitumie kwa barua pepe na umwachie nakala mtu unayemwamini anayeishi mbali nawe. Simu huibwa, hema huungua, mvua huingia. Niliwahi kumpokea binti aliyekitunza cheti chake miaka minne ndani ya mfuko wa nailoni, kimekunjwa mara nne. Mkunjo mmoja ulipita juu kabisa ya mstari wa hisabati, na wino ukabanduka pamoja na karatasi. Alama nyingine zote zilisomeka. Ile aliyoihitaji kuingia uhandisi haikusomeka. Kilichomwokoa ni namba yake ya mtahiniwa, ambayo aliitaja bila kufikiri. Kwa namba hiyo, jina la shule na mwaka wa mtihani, baraza la mitihani liliyatafuta matokeo yake na kuyathibitisha. Iandike yako leo, pamoja na za wadogo zako.

Kabla hujaiandikia ofisi yoyote ya nchi uliyoikimbia, simama kwanza. Kwa mkimbizi, kubisha hodi ubalozini kuomba cheti kunaweza kuwaweka hatarini waliobaki nyumbani, na wakati mwingine kuzua maswali juu ya hadhi yake ya ukimbizi. Zungumza na mwanasheria anayeshughulikia mambo ya wakimbizi kabla ya hatua hiyo. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 25, unaitaka nchi iliyokupa hifadhi ikupatie, au isimamie upatiwe, hati ambazo mgeni wa kawaida angezipata kwa serikali yake. Wengi hawakijui kifungu hiki, wakiwemo baadhi ya maafisa wanaokaa upande wa pili wa dirisha la ofisi.

Wakimbizi wa ndani, wale waliohama bila kuvuka mpaka, wako katika hali nyingine. Hawana kitambulisho cha mkimbizi na matangazo mengi ya ufadhili hayawataji. Wao bado ni raia, kwa hiyo madai yao wanayapeleka kwa serikali yao wenyewe. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 20 kwamba mamlaka zitoe hati mpya au mbadala bila masharti yasiyo ya haki, na mfano unaotajwa humo ni kumlazimisha mtu arudi alikotoka ili apewe hati. Ukiambiwa urudi kufuata cheti kwenye mji ambao bado unapigwa mabomu, itaje kanuni hiyo kwa namba yake. Kanuni zenyewe si mkataba, lakini barua inayozitaja husomwa kwa makini zaidi kuliko barua ya kusihi. Barani Afrika upo pia Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 kuhusu wakimbizi wa ndani, ambao unazifunga nchi zilizouridhia.

Halafu jina. Hapa ndipo nimeona machozi mengi kuliko kwenye mitihani. Cheti cha shule kinasema Mohamed, kitambulisho kinasema Muhammad, orodha ya usajili ina majina mawili badala ya matatu, na tarehe ya kuzaliwa imekuwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku ya usajili hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa na karani alihitaji kujaza kitu. Kwako huyo ni mtu mmoja. Kwa afisa wa viza hao ni watu watatu. Weka karatasi zako zote mezani, soma jina herufi kwa herufi, na ukiona tofauti omba marekebisho kwenye usajili wako mapema, kwa maandishi. Kama marekebisho yanachelewa, andaa hati ya kiapo inayoeleza kuwa majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kuanzia hapo tumia tahajia moja tu kwenye kila fomu, na iwe ile iliyo kwenye hati utakayosafiria.

Ulinganifu wa vyeti una ngazi mbili ambazo watu huzichanganya. Cheti cha sekondari kwa kawaida hulinganishwa na chombo cha mitihani cha nchi unayoishi. Shahada au masomo ya chuo yaliyokatika njiani hupelekwa kwa chombo kinachosimamia vyuo vikuu, au kwa chuo chenyewe. Uliza ni kipi kinachokuhusu kabla ya kulipa ada ya maombi. Kama cheti kimeandikwa kwa lugha nyingine, peleka kwa mfasiri anayetambuliwa na ofisi hiyo. Mfasiri afasiri alama kama zilivyo. Kuzigeuza ziwe za mfumo mwingine si kazi yake, na faili linaweza kukataliwa kwa kosa hilo peke yake.

Na kama vyeti vimepotea kabisa? Usikate tamaa mapema. Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997, unaohusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu katika ukanda wa Ulaya, unazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa kuwatathmini wakimbizi hata pale ambapo elimu yao haiwezi kuthibitishwa kwa nyaraka. Mkataba wa kimataifa wa UNESCO juu ya utambuzi wa sifa za elimu ya juu, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Machi 2023, nao umewakumbuka wakimbizi na watu waliohamishwa. Kutokana na mawazo ya namna hiyo imezaliwa pasipoti ya sifa za elimu, yaani hati inayoeleza kiwango cha elimu cha mkimbizi ambaye vyeti vyake havijakamilika. Baraza la Ulaya lilianza na ya kwake mwaka 2017, na UNESCO ikaifanyia majaribio ya kwake Zambia mwaka 2019. Hufanyika hivi: unajaza maelezo ya masomo yako, unaambatanisha chochote kilichosalia, kisha wataalamu wa vyeti wanaoujua mfumo wa elimu wa nchi yako wanakuhoji. Watakuuliza masomo uliyosoma, jinsi mitihani ilivyoendeshwa, mada ulizopitia. Wakiridhika wanaandika kiwango chako, lugha zako na uzoefu wako wa kazi. Ile ya Baraza la Ulaya hudumu miaka 5. Si kitambulisho na haikuhakikishii udahili, kwa hiyo kiulize chuo unachokitaka kama kinaipokea kabla hujajipanga kwa mahojiano. Kwa mahojiano hayo, daftari la zamani, picha ya mahafali au kitambulisho cha mwanafunzi ni ushahidi wa maana. Usitupe.

Mtihani wa lugha una mtego wa tarehe. Matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, hutambuliwa kwa miaka miwili tu, hivyo ukiufanya mapema mno utaulipia tena. Kwanza soma masharti ya chuo, kwa sababu baadhi hukubali barua ya shule inayosema ulifundishwa kwa lugha hiyo. Kama utafanya mtihani wa mtandaoni, hakikisha mapema kwamba kitambulisho chako cha mkimbizi kinakubaliwa na wenye mtihani, maana wengine hutaka pasipoti. Utahitaji pia chumba kimoja kisichoingiliwa na mtu kwa saa nzima au zaidi, na intaneti isiyokatika. Anayeishi watu wanane chumba kimoja hawezi kulipata hilo kwa kuomba siku ile ile. Lipange na kituo cha jamii, maktaba au shule wiki kadhaa kabla.

Kuhusu ufadhili wenyewe, soma kwanza mstari wa sifa za mwombaji, na chukua neno kwa neno. Mkimbizi anayetambuliwa na mwomba hifadhi si mtu mmoja machoni pa mfadhili. Mpango wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR, hulipia masomo ya chuo katika nchi ile ile iliyokupa hifadhi, na kwa kawaida huweka kikomo cha umri wakati wa kuanza. Mpango wa wanafunzi wakimbizi wa shirika la WUSC nchini Kanada, ulioanza mwaka 1978, unakwenda njia nyingine kabisa: wanafunzi wa vyuo vya huko hushiriki kumdhamini mwenzao, naye hufika akiwa na ukaazi wa kudumu. Mpango wa UNICORE, ulioanza mwaka 2019, hupeleka wakimbizi wenye shahada ya kwanza vyuo vya Italia kwa shahada ya uzamili. Njia hizi tatu zinataka mafaili matatu tofauti. Chagua inayolingana na hali yako ya sasa, usipeleke faili moja kila mahali.

Ukishapata ofa, uliza fedha zinalipia nini na zinaingia lini. Ada inaweza kuwa imelipwa yote na bado ukakosa kodi ya mwezi wa kwanza. Uliza juu ya bima ya afya, vitabu, kompyuta, na malazi wakati wa likizo vyuo vinapofungwa, kwa sababu wenzako watarudi makwao na wewe huna pa kurudi. Uliza pia kama utatozwa ada ya raia au ya mgeni. Kifungu cha 22 cha ule Mkataba wa 1951 kinataka mkimbizi asitendewe vibaya kuliko wageni wengine katika elimu ya juu, pamoja na utambuzi wa vyeti, msamaha wa ada na utoaji wa ufadhili. Hakiahidi ada ya raia. Tofauti kati ya ada hizo mbili inaweza kuamua kama utamaliza au utakatisha.

Insha ya kujieleza inanigusa kwa namna yake. Vijana wengi huandika kurasa mbili za mateso kwa sababu wameshafundishwa, ofisi baada ya ofisi, kwamba mateso ndiyo tiketi yao. Hulazimiki kumsimulia mtu usiyemjua usiku mliokimbia. Taja kwa sentensi mbili sababu ya miaka iliyokatika, kisha sema ulifanya nini katika miaka hiyo: uliwafundisha watoto kusoma, ulikuwa mkalimani kliniki, ulirekebisha simu. Halafu eleza unataka kujifunza nini, na kwa nini katika chuo hicho. Mwalimu wako wa zamani mtafute sasa, kabla hajabadilisha namba, umwombe awe tayari kukuandikia barua.

Usimlipe mtu kwa fomu, usajili wala "nafasi". Huduma za UNHCR ni bure, na anayekuomba pesa kwa ajili yake anakuibia.

Kama chuo kiko ng'ambo, hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotajwa na kifungu cha 28 cha Mkataba wa 1951, iombwe siku ile ile unapotuma maombi ya chuo. Isome tarehe ya mwisho, na usome sehemu inayohusu kurudi. Kwa kawaida nchi iliyoitoa inapaswa kukupokea tena muda wote hati inapokuwa hai, lakini katika hali za pekee inaweza kufupisha muda huo hadi miezi mitatu. Kwa masomo ya miaka miwili hilo ni jambo zito, na unatakiwa ulijue kabla ya kupanda ndege. Pasipoti ya zamani ya nchi uliyoikimbia usiitumie wala kuihuisha kabla ya kupata ushauri wa kisheria. Na kama unasomea udaktari, sheria au ualimu, iulize bodi inayotoa leseni kama inawapa wasio raia. Liulize hilo mwaka wa kwanza, sio mwaka wa mwisho.

Viza ikichelewa, usikae kimya ukiomba Mungu tu. Kiandikie chuo kabla ya siku ya kuripoti, ambatanisha risiti ya maombi ya viza, uombe kuahirisha kuanza hadi muhula unaofuata, na umwandikie mfadhili barua hiyo hiyo siku hiyo hiyo. Omba wajibu kwa maandishi kwamba nafasi na fedha vyote viwili vinakusubiri, kwa sababu nimeshaona kimoja kikisubiri na kingine kikapewa mtu mwingine.