Jinsi ya kusoma habari za Ulaya na tabianchi bila kuchanganyikiwa

Ukisikia "Ulaya imepitisha sheria ya hewa chafu" usidhani kuna bosi mmoja kasaini yakaisha. Kwanza cheki linapigiwaje kura. Sheria nyingi za mazingira zinataka angalau nchi 15 kati ya 27 za Umoja wa Ulaya, zenye angalau asilimia 65 ya watu wa Umoja wote, basi inapita hata kama Poland imenuna. Ila likija suala la kodi lazima wakubali wote 27, na hapo ndo mambo hukwama, we angalia tu sheria ya kodi ya nishati ya 2003, wamevutana weee miaka na miaka kuibadilisha.

Halafu jiulize anayepinga anakula wapi. Poland ina makaa ya mawe, Ufaransa nyuklia, Ujerumani viwanda vya magari, ndo maana Machi 2023 Wajerumani waliweka ngumu kwenye sheria ya kuzuia kuuza magari mapya yanayotoa kaboni kuanzia 2035, mpaka wakaahidiwa upenyo wa mafuta ya sintetiki, yaani yanayotengenezwa kiwandani badala ya kuchimbwa (ujanja mtupu kwa maoni yangu).

Hela nayo usiisahau. Kanuni zao zinasema nakisi ya bajeti (matumizi yanayozidi mapato) isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, na deni lisizidi asilimia 60, sasa Italia yenye deni lililopita asilimia 130 itakopa vipi kujenga umeme wa jua?

Na kama unawauzia saruji, chuma, alumini au mbolea, fuatilia ushuru wa kaboni mpakani (malipo kwa kaboni iliyotolewa wakati bidhaa inatengenezwa), mizigo ya kuanzia 2026 inatozwa, hivyo dai hesabu za kaboni kiwandani mapema.